Darubini inaonyesha tairi badala ya nyota, je kioo kimekufa?

*"Shikamoo mwalimu. Mjomba wangu aliyeko Muscat alimletea binti yangu wa miaka 11 darubini ya vioo, pembeni imeandikwa D=76mm F=700mm. Tuko Dodoma. Tatizo haishiki fokasi kabisa. Nyota inaonekana duara kubwa jeupe lina shimo jeusi katikati kama tairi, na kuna mistari myeusi inakatiza. Nikizungusha nobu duara linakuwa kubwa zaidi lakini halionyeshi kitu. Natumia lenzi ya 4mm na ile 3x iliyokuja nayo ili ivute zaidi. Mnara wa simu mchana unaonekana kichwa chini miguu juu. Mwezi uliwahi kutokea vizuri kama sekunde moja mwanangu alipokuwa anazungusha, halafu ukapotea mpaka leo. Nimefungua lenzi zote nikasafisha, hakuna mabadiliko. Kuna fundi amesema kioo cha ndani kimekufa, anabadilisha kwa 80,000. Nimpe? Huwa tunaangalia kutoka dirishani sebuleni kwa sababu ya mbu."*

Marahaba ndugu yangu, na mpe binti pole, kuletewa darubini halafu kuishia kuangalia tairi ni uchungu. Hiyo 80,000 usiitoe, angalau sio wiki hii. Katika maelezo yako yote marefu kuna sentensi moja umeipitia haraka kumbe ndo yenye jibu, pale uliposema mwezi ulitokea vizuri kwa sekunde moja. Kioo kilichokufa hakitoi mwezi mzuri hata kwa sekunde moja. Binti yako alipita kwenye fokasi yenyewe bila kujua, akaendelea kuzungusha, ikapotea. Kwa hiyo fokasi ipo na kioo kinafanya kazi, sasa tuitafute taratibu tuikamate.

Nianze na hilo tairi maana watu wengi wanaliogopa bure. Darubini yako ina vioo viwili. Kile kikubwa kipo chini kabisa mwisho wa bomba, kimechimbwa kidogo kama sahani, kazi yake ni kukusanya mwanga na kuurudisha juu ukiwa unabanana kuelekea sehemu moja. Kile kidogo kipo karibu na mdomo wa bomba, kimekaa mshazari, kinaupokea huo mwanga na kuutupa pembeni kwenye mrija unaoweka lenzi ya jicho. Ramani hii ni ya Newton, alitengeneza ya kwanza mwaka 1668 na mpaka leo haijabadilika sana. Sasa kwa vile kile kioo kidogo kimekaa katikati ya njia, kinaziba mwanga kidogo, kinaweka kivuli. Ukiwa nje ya fokasi unakiona hicho kivuli, ndo shimo lako jeusi, na ile mistari ni vivuli vya vyuma vinavyokishikilia. Ukiwa ndani ya fokasi kivuli hakionekani kabisa, mwanga wote umekutana sehemu moja. Kwa hiyo tairi sio ugonjwa, ni darubini inakuambia "bado hujafika, endelea".

Na hapa ndo kwenye kosa ambalo nimeliona kwa watu wazima, watoto, hadi mwalimu mwenzangu wa fizikia. Ile nobu sio zumu. Tumezoea simu, ukitanua vidole picha inakuwa kubwa, basi mtu akishika nobu ya darubini akaona nyota inakuwa kubwa anafurahi anasema naam inavuta, anaendelea kuzungusha upande huo huo, kumbe anakimbia fokasi. Nyota hata uitazame na darubini ya mamilioni itabaki kuwa nukta kwa sababu iko mbali mno. Kadiri fokasi inavyokuwa nzuri nyota inakuwa NDOGO na kali. Kwa hiyo sheria ya kuzungusha ni rahisi, zungusha upande ambao tairi linapungua. Likipungua endelea, likikua geuza. Umesema mwenyewe ulizungusha likawa kubwa zaidi, ulikuwa unaenda upande mbaya, ni hilo tu.

Sasa kwa nini ni ngumu kuikamata hata ukijua upande? Kwa sababu ya hiyo 4mm na 3x. Tupige hesabu kidogo usichoke. Ukuzaji unapatikana kwa kugawa 700 kwa namba ya lenzi. Lenzi ya 20mm inakupa mara 35. Ya 12.5mm inakupa mara 56. Ya 4mm inakupa mara 175. Ukiweka na ile Barlow ya 3x, yaani kile kilenzi cha kuzidisha ukuzaji, pamoja na 4mm unapata mara 525, na kwenye boksi ndo wanayoiandika kwa herufi kubwa ili mtu anunue. Kioo cha milimita 76 mwisho wake wa maana ni kama mara 150, kanuni ya mtaani ni mara mbili kwa kila milimita ya kioo. Hapo juu huongezi kitu, unatanua ukungu tu, sawa na kuvuta picha ya WhatsApp iliyotumwa mara kumi. Halafu kutoka mara 35 mpaka 525 mwanga ule ule unausambaza kwenye eneo kubwa mara 225, ndo maana unaona duara jeupe limefifia.

Kuna jingine tena. Anga linatembea mbele ya darubini, maana dunia inazunguka na wewe. Kwa mara 175 kitu kinakatiza na kutoka kwenye lenzi kwa kama dakika moja hivi. Kwa 525 ni sekunde tu. Wewe bado unapapasa nobu, stendi inatikisika, kitu kimeshaondoka, unadhani umeharibu fokasi kumbe umepoteza sayari.

Na ule ukanda wa fokasi wenyewe ni mwembamba sana. Kwa darubini kama yako mwanga unakuwa umekutana vizuri ndani ya kama sehemu ya kumi ya milimita kila upande, yaani unene wa karatasi ya daftari. Ukiwa na lenzi ya 20mm jicho linakusaidia, linavumilia kidogo zaidi ya hapo. Ukiwa na ya 4mm hakuna huruma. Sasa fikiria mtoto wa miaka 11 anazungusha nobu kwa furaha, anapita karatasi moja kwa sehemu ndogo ya sekunde. Mwezi unatokea, unapotea. Umeona sasa?

Basi fanya hivi. Toa kila kitu kwenye mrija. Toa 4mm, toa Barlow, na kama kuna kile kibomba kirefu kimeandikwa 1.5x cha kugeuza picha iwe wima, nacho kiweke kwenye boksi kikae huko. Bakiza lenzi ya 20mm peke yake. Mnara kuonekana kichwa chini ni kawaida kabisa kwa darubini ya vioo, angani hakuna juu wala chini, na kile kibomba kinakuletea wima kwa gharama ya kuharibu picha.

Anza mchana, lakini sio kwa mwembe wa jirani. Hili watu hawaambiwi. Kitu cha karibu kinafokasi mahali tofauti na cha mbali. Kwa darubini yako, kitu kilicho mita 20 kinataka lenzi ya jicho itoke nje kama milimita 25 zaidi ya nyota. Sentimita mbili na nusu! Kwa hiyo unafokasi mwembe vizuri, usiku unaelekeza kwenye nyota bila kugusa kitu, unapata tairi, unasema imeharibika. Chagua mnara ulio kilomita moja au zaidi, hapo tofauti na nyota ni nusu milimita tu. Rudisha mrija ndani mpaka mwisho, halafu utoe nje polepole sana, robo mzunguko, acha mkono, subiri mtikisiko uishe, angalia, robo nyingine. Ukipita picha ikaanza kufifia rudi. Ukiikamata chukua penseli weka alama kwenye mrija. Usiku unaanzia hapo hapo kwenye alama.

Muda huo huo wa mchana rekebisha na kile kidarubini kidogo cha kulengea kilichopo juu ya bomba. Weka ncha ya mnara katikati ya darubini kubwa, halafu kaza skrubu za kidogo mpaka nacho kionyeshe ncha ile ile katikati. Nusu ya watu wanaoniambia "haishiki fokasi" walikuwa wanaangalia anga tupu.

Ila mchana huo huo, jua hapana. Usilielekee hata kwa bahati mbaya, na usimwache binti peke yake na darubini juani. Jicho linaungua bila hata kuuma. Kwenye boksi za namna hii wakati mwingine kuna kichujio kidogo cheusi kimeandikwa SUN cha kufunga kwenye lenzi ya jicho. Joto lote la kioo linakusanyika hapo, kinapasuka ghafla ukiwa umechungulia. Kama unacho, kivunje utupe, sio kuficha.

Usiku anza na mwezi, sio nyota. Mwezi ni mkubwa, ukiwa nje ya fokasi bado utajua uko kwenye mwezi. Na usiuangalie ukiwa mpevu, unang'aa bapa kama sahani. Ngoja ukiwa nusu, pale kwenye mpaka wa giza na mwanga mashimo yanajitokeza na vivuli vyake, ndo fokasi inapokuwa rahisi kuijua. Baada ya hapo weka 12.5mm, gusa nobu kidogo sana, utaona. Kama Mshtarii upo juu, kwa mara 56 utaona kiduara na nukta zake hadi nne pembeni zimejipanga mstari, ni zile zile alizoziona Galileo mwaka 1610, na Zohali utamwona na pete yake, mdogo kama punje lakini pete ipo.

Dirisha. Hapa nakuomba kabisa. Kioo cha dirisha hakikutengenezwa kwa ajili ya darubini, kina mawimbi usiyoyaona kwa macho, na kama ulifungua kioo ukabakiza wavu wa mbu ndo balaa zaidi, ule wavu unatawanya mwanga wa nyota ovyo. Na hata ukifungua vyote, hewa ya moto ya sebuleni inatoka nje kupitia pale pale unapochungulia. Si unajua ukitazama mbele ya lami saa saba mchana barabara inavyochezacheza? Ndo hicho. Dodoma kuta na sakafu za saruji zinakula jua kutwa, usiku zinalitapika. Toka nje, kaa kwenye udongo au majani mbali kidogo na ukuta, jipake dawa ya mbu (mikononi ujipake halafu unawe kabla ya kugusa lenzi tafadhali), na darubini itoe nje nusu saa kabla ili kioo kipoe kilingane na hewa. Vitu vilivyo chini karibu na upeo wa macho navyo viache, unavitazama kupitia hewa nyingi mno, ngoja vipande juu.

Jambo jingine dogo linaloleta ugomvi nyumbani. Wewe ukifokasi ukaona safi, binti akija atasema haioni. Hadanganyi. Macho ya watu hayafanani, kila mtu anataka mguso wake wa nobu. Kama unavaa miwani ya kuona mbali au karibu unaweza kuivua, nobu itafidia. Kama miwani yako ni ya astigmatizimu basi baki nayo.

Sasa twende kwa fundi. Kuna kipimo cha bure kitakachokuambia kama kioo kimekufa au la, na hakihitaji lenzi hata moja. Usiku wenye mwezi elekeza darubini kwenye mwezi, toa lenzi ya jicho kabisa ubaki na tundu. Chukua kipande cha karatasi iliyolowa mafuta, ile ya kufungia maandazi inafaa sana, kishike nyuma ya tundu ukisogeze mbele na nyuma polepole. Mahali fulani utaona mwezi mdogo umechoreka kwenye karatasi, upana wake kama milimita 6, punje ya mbaazi hivi, kingo zake kali. Ukiuona huo, vioo vyote viwili vizima, mwambie fundi asante. Mi kipimo hiki nakipenda kuliko vifaa vyote vya bei ninavyovijua.

Na kinakuambia zaidi ya hapo. Lenzi yako ya 20mm inataka huo mwezi wa karatasi utokee karibu na mdomo wa mrija. Kama unatokea mbali nje, sentimita kadhaa hata mrija ukiwa umetolewa mpaka mwisho, basi unahitaji kuisogeza lenzi nje. Legeza kiskrubu kinachoishikilia, ivute kwa mkono taratibu kutoka kwenye tundu ukiwa umechungulia, ikikaa sawa hapo basi kibomba cha kuongezea kinatosha, hata cha plastiki. Kama unatokea ndani sana kiasi kwamba mrija umerudi wote na bado, kioo kikubwa kinahitaji kusogezwa juu milimita chache kwa zile skrubu za nyuma. Hili halitokei sana kama darubini haijachokolewa.

Lakini wewe umeichokoa, ndo wasiwasi wangu pekee. Umefungua lenzi ukasafisha. Ndani ya lenzi ya jicho ya bei nafuu kuna vilenzi viwili, kila kimoja upande mmoja bapa na mwingine umebinuka. Kama imeandikwa H, pande bapa zote mbili zinatazama jicho lako. Kama imeandikwa SR, mibinuko inatazamana. Ukirudisha kimoja kinyume haitafokasi hata uombe. Kipimo chake ni kubadilisha, kama 12.5 iko safi na 20 haiko safi, ya 20 umeigeuza. Fungua tena uangalie.

Kioo kikubwa kama hukukigusa, usikiguse. Sio kama kioo cha kujitazamia chenye rangi ya fedha nyuma, hiki utando wake wa aluminiamu uko mbele, juu kabisa, wazi, kitambaa kinaukwangua. Na vumbi halileti ukungu wa fokasi, hata likiwa la kuonekana. Kama ulikifuta tayari basi yameisha, mikwaruzo inapunguza ung'avu tu, usirudie.

Kama ulilegeza skrubu zake, hapo vioo vinaweza kuwa havitazamani, na lile lile tairi lililokutisha litakupimia. Weka nyota angavu katikati ya lenzi, Sirius au Canopus ile ya mabaharia wetu wanaita Suheli, toka nje ya fokasi makusudi kidogo tu, uangalie shimo jeusi. Likiwa katikati ya duara, vioo vimekaa sawa. Likiwa limeegemea upande, zungusha moja ya zile skrubu tatu za nyuma robo mzunguko, rudisha nyota katikati, angalia tena limesogea wapi. Wewe chungulia, binti azungushe, ni kazi ya watu wawili na ataipenda. Usikaze kwa nguvu, kioo kikibanwa nyota zinakuwa za pembetatu. Skrubu za kioo kidogo cha juu ziache, kikianguka kinashukia kikubwa.

Kuna aina moja inayozidi hii kwa kusumbua, nitaje tu kwa sababu wasomaji wengine wanayo. Imeandikwa 114 kwa 1000 au 127 kwa 1000 lakini bomba lenyewe ni nusu mita tu. Ile ina lenzi ya ziada ndani chini ya mrija, ndo inayoongeza hizo milimita. Mtu akiifungua akaitoa akidhani ni uchafu wa kiwandani, hatopata picha ya maana tena mpaka airudishe. Yako bomba lake lina karibu sentimita 70, haikuhusu.

Kioo kilichokosewa umbo kweli huwa kipo. Darubini ya angani ya Hubble ilipaa mwaka 1990 na kioo cha mita 2.4 kilichosagwa bapa kupita kiasi ukingoni kwa mikroni 2 na kidogo, kama sehemu ya hamsini ya unywele, ikawa haishiki fokasi popote pale mpaka wanaanga walipoenda kuifungia marekebisho mwaka 1993. Dalili ya ugonjwa huo ni kwamba hakuna hata sehemu moja nzuri, ukizungusha nobu unapata mbaya, mbaya kidogo, mbaya. Yako ilitoa mwezi.

Lini umpelekee mtu? Kama karatasi haikuonyesha mwezi mkali popote, kama kioo kina ufa au utando umebanduka mabaka mabaka, au kama nobu inazunguka mrija hautembei, yaani meno yameisha. Hapo sio fundi simu. Chuo Kikuu cha Dodoma kipo hapo hapo, kaulize walimu wa fizikia, au fundi wa duka la miwani anayejua kushika lenzi, na bei yoyote muulize kwanza kioo kipya anakitoa wapi. Kioo cha 76mm hakiuzwi kirahisi chenyewe, mara nyingi ni nafuu kununua darubini nyingine iliyotumika. Nina wasiwasi huyo wako alikuwa akupe kioo cha kunyolea.

Hela yako kama inakuwasha, tafuta baadaye lenzi moja nzuri ya 10mm aina ya Plössl yenye kipenyo cha inchi 1.25, itakupa mara 70, halafu ile 4mm mpe mtoto aitumie kutazama sisimizi, ukiigeuza inafanya kazi nzuri sana hiyo.

Anza na karatasi ya maandazi. Ukishaona, niandikie mwezi umetokea umbali gani kutoka kwenye tundu kwa milimita, na lile shimo la tairi limekaa katikati au limeegemea wapi.